Futi Iliyokuwa Msumarini

Jumatatu, 3 Machi

Kocha kasema tuandike. Kila siku, dakika kumi, ukweli mtupu, asisome mtu mwingine. Haya, naandika.

Semina ya wafanyabiashara wadogo ilikuwa kwenye chumba cha juu ya duka la rangi. Tulikuwa kumi na wanne tu, na bado Kocha alishika kipaza sauti! Fundi viatu, mama wa keki, bwana wa vifaranga, na mimi wa cherehani. Akauliza: ukiumwa mwezi mzima, duka lako litafunguliwa? Mama wa keki akasema yeye hata mafua hana ruhusa ya kuugua. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nikiumwa duka litafunguliwa. Wifi akiumwa ndio basi tena.

Wifi ndiye anayepima, ndiye anayekata. Mimi na mafundi wangu wawili tunashona tu. Tangu kaka yake, yaani mume wangu, afariki, huu mwaka wa sita, mkasi uko mkononi mwake. Wateja wakiingia wanamsalimia yeye kwanza, na jina lililo juu ya mlango ni langu. Siku zote nilikuwa naona sawa. Leo limeniuma.

Kocha: biashara inayokaa kichwani mwa mtu mmoja si biashara, ni kipaji, na kipaji hakirithiwi. Nimepigia mstari mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Tumepata! Hoteli mpya ya pale kwenye mzunguko imetupa sare zake. Watu thelathini na wawili, shati na suruali. Wanafungua Jumamosi tarehe 22. Kitambaa wameleta wenyewe, kijani cha chupa, majora matatu, wamesema hakuna mengine. Meneja wao ni mama mmoja mkavu, anatembea kama anafukuza kuku. Kasema wakiridhika tutashona na za hoteli zao nyingine mbili. Miaka sita ya kupunguza viuno vya suruali na kubadilisha zipu — leo hoteli!

Wifi kawapima wote, kimya, kalamu sikioni, futi ya marehemu shingoni. Futi yenyewe imechoka jamani. Namba zimefutika mpaka ishirini, anahesabu kwa kidole. Kajaza daftari watu thelathini na mmoja. Meneja peke yake hakupimwa, aliitwa kwenye simu akaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimwambia wifi aandike namna anavyokata. Hatua kwa hatua, ili hata mtu mwingine aweze. Kanitazama kama nimemwomba meno yake. "Wifi, mimi nakata kwa mkono na jicho. Jicho nitaliandikaje?" Nikamjibu kwa maneno ya Kocha, mfumo, mfumo, mali bila daftari hupotea bila habari. Nikajisikia mwenyewe kama kasuku. Akasema: kumbe nimeshatafutiwa mrithi na bado napumua. Neno likazaa neno. Mwisho nikasema duka ni langu.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaweka mkasi mezani, akaitundika futi kwenye msumari wake. Akasema hii ni ya kaka, ni ya duka, isitoke hapa. Akavaa ndala akaenda zake.

Nilimpigia Kocha. Kanipongeza! Kasema ndugu mpende nyumbani, kazini ajiri mwenye cheti. Nimelia kidogo, kisha nikapanga vifungo kwa rangi, vyote, mpaka vya makoti ya watoto. Hakuna aliyeniomba nivipange.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi mkataji mpya kafika, katumwa na Kocha. Mtu mzima, masharubu yamechanwa, cheti chake kiko kwenye fremu ya kioo na kaja na msumari wake wa kukitundikia. Mafundi wangu wameshampa jina: Diploma. Kaja na futi mpya, ya manjano, bado inanuka plastiki.

Kazi ya Kocha ya wiki: toa dukani vitu vitatu vilivyochakaa, kwa sababu mteja hununua kwa macho kwanza. Nimetoa pazia. Nimetoa kiti chenye mguu mfupi. Cha tatu kilinisumbua. Diploma akaona ile futi msumarini, akacheka, akasema hiyo ifungiwe mbuzi. Na mimi nikacheka. Nikaishika. Niliinusa nikitafuta harufu ya mume wangu, haikuwa na kitu ila chaki. Nikaitia kwenye mfuko wa vipande. Gari la taka lilipita saa nne, likauchukua.

Msumari umebaki. Nimetundika kalenda.

Jumatatu, 10 Machi

Moja la Kocha ambalo hata wifi angelikubali: jaribu kimoja kabla ya kushona vyote. Nimejaribu! Asubuhi Diploma kampima Meneja, kakata, nimeshona mwenyewe kwa mkono wangu. Alasiri Meneja kavaa. Imemkaa! Kageuka mbele ya kioo mara tatu, yule ambaye hata tabasamu anatoa kwa kipimo. Kasema haya, endeleeni.

Kwa hiyo tunaendelea. Hawa wengine Diploma anawakatia kwa kufuata daftari la wifi. Kasema mwandiko safi, hesabu safi, hana haja ya kumsumbua mtu tena. Unaona? Wifi yumo daftarini. Tumemtoa kichwani tukamtia kwenye karatasi, kama Kocha alivyosema. Ningetarajia nifurahi zaidi ya hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Mgongo. Nyuzi. Mgongo.

Wifi hajapiga simu. Nasikia anapimia watu barazani kwake, na wateja wangu wanne wamemfuata. Nimemwandikia Kocha. Kajibu: mteja anayeondoka anakuachia nafasi ya mteja bora. Huyu bwana hajawahi kushona hata kifungo.

Jumanne, 18 Machi

Zimebana.

Zote. Si moja, si mbili. Watu thelathini na mmoja walisimama kwenye ukumbi wa hoteli, kwenye sakafu ile mpya inayong'aa, na hakuna aliyeweza kuinua mkono. Mpishi kafunga kifungo cha tumbo, kikaruka kikagonga birika. Dada mmoja wa mapokezi alikaa, suruali ikafumuka hapo hapo, akashindwa kusimama tena kwa aibu mpaka akaletewa kitambaa cha meza. Walianza kwa kucheka. Kisha wakaacha kucheka, wakawa wananitazama mimi. Aliyependeza ni Meneja peke yake, kasimama katikati yao na sare yake iliyomkaa sawasawa.

Hakunifokea. Kasema taratibu: jioni hii wafanyakazi wanaondoka kwenda kufundishwa kazi kwenye hoteli yao ya mji wa pili. Wanarudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi wageni wanaingia. "Nikizikuta ziko sawa, tutaongea. Nikizikuta hivi, tunaachana, na kila fundi wa mji huu atajua kwa nini." Nikaitikia ndiyo. Hata kuwapima upya sikuwaza! Watu wote pale mbele yangu, futi ya manjano mfukoni, na mimi najua kukunja nguo tu na kuomba radhi. Nilipokumbuka basi lao lilikuwa limeshaondoka.

Nikarudi dukani nikamshukia Diploma. Nilimtukana, na matusi yenyewe sikujua kama ninayo. Akangoja nimalize. Akafungua daftari, akatandika shati la mpishi mezani, akapima. Kifua: sawa na daftari na nafasi yake ya kupumua juu. Bega: sawa. La pili: sawa. La tatu. "Mama, nionyeshe nilipokosea." Nikapima mwenyewe: sawa.

Akateremsha fremu yake ukutani. Kachomoa na msumari wake, futi yake ya manjano akaisahau mezani. Sikumzuia.

Nikabaki na daftari. Nyuma kabisa kuna vipimo vyangu mimi, wifi alinipima mwaka jana nilipotaka gauni. Kifua arobaini. Nikajipima kwa futi ya manjano: arobaini na moja na nusu. Nimenenepa? Mimi, ambaye sketi zinanizunguka kiunoni tangu msiba? Nikakumbuka meza. Kwenye ukingo wa meza ya kukatia wifi alichora mstari kwa msumari, pale futi inapoishia, inchi sitini, asihangaike kila mara. Nikalaza futi mpya kuanzia kona.

Haikuufikia mstari. Imebakisha inchi mbili nzima.

Nilikaa chini, pale pale kwenye vipande. Futi ya mume wangu ilikuwa imevutika. Miaka ishirini ya kuzunguka vifua vya watu, kila siku kuvutwa, kila siku kuvutwa, mpaka inchi yake ikawa ndefu kuliko inchi ya dunia. Na haikuwa na neno! Aliyepima kwayo alikata kwayo, nguo ikamkaa mtu. Wifi alikuwa sahihi. Diploma alikuwa sahihi. Daftari lilikuwa sahihi. Kilichokuwa kinawaunganisha nilikitia kwenye mfuko wa taka kwa mkono wangu, ili duka lipendeze.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu kazaliwa na meno kabisa.

Simu ya Kocha haipatikani. Kuna ujumbe wake wa asubuhi kwa wote: kushindwa ni ada ya shule. Nimeufuta.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la barazani kwa wifi. Saa mbili asubuhi. Nimekuta wateja wawili mbele yangu, nikakaa foleni kama wao. Mmoja wao zamani alikuwa wangu, kajifanya anasoma simu.

Wifi aliwamaliza wote kwanza. Ni haki yake. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Nikamtolea shati la mpishi kwenye mfuko. Hakuniuliza habari, aligeuza shati nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu. Akasema huyu kaacha nusu inchi tu, hakuna cha kufumua. Mimi huacha inchi na nusu, mshono ni akiba ya mwenye nguo. Akauliza nani alikata.

Nikasema mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kweli.

Akalikunja shati. Kisha akakaa benchini, karibu yangu, kwa mara ya kwanza. Kasema usiache mbachao kwa msala upitao, wifi, na msala wenyewe una kipaza sauti. Kumbe habari za Kocha anazo zote! Nikacheka, kisha nikawa nalia, kamasi na yote. Nikamwomba msamaha kwa lile neno la duka ni langu. Kasema limeshapita. Halijapita, najua, lakini kasema.

Nikamweleza futi mpya ilivyoishia inchi mbili kabla ya mstari wake wa mezani. Anasema zinaokoka. Kuna kitambaa cheusi cha suti dukani, kipande kirefu kipite ubavuni kwenye shati na kando ya mguu kwenye suruali, watu wataona ni mtindo. Siku tatu, mafundi wanne. Hapo nikapumua. Ila kila mtu atiliwe alichopungukiwa, asizidishiwe, wenyewe hawapo wa kupimwa, na mstari wa mezani hautoshi. Anasema futi ile mwanzo wake umevutika kuliko mwisho, kila inchi ina uongo wake, na hata yeye hazijui kwa kichwa mpaka aione. Tutailaza sambamba na mpya, tusome daftari upya, jina kwa jina. Ikiwepo ile, anasema, hatuna shida.

Akanishika bega. "Umeiacha pale pale msumarini?"

Nikasema ndiyo.

Ameingia ndani kubadilisha nguo. Namsikia anaimba, alikuwa haimbi siku hizi. Nimeandika haraka haraka mpaka hapa. Ndala zake ziko mlangoni, mbele ya miguu yangu. Nikimaliza sentensi hii nitamwita nimwambie. Anatoka. Ameshavaa moja —