Saumu ya Rabia

Vero, Rabia kaanguka bwenini! Yule wa Tanga wa chumbani kwetu. Yuko na dripu sasa hivi.

Kumbe kang'oa mihogo nyuma ya chuo, akaitafuna mibichi kama kwao. Mhogo mchungu, Vero! Huu ambao hapa Kasulu hata mtoto anajua lazima ulowekwe kwanza.

Nesi kamuuliza, "Hukusikia uchungu?"

"Nilisikia. Njaa ilizidi."

Njaa!! Kumbe unga wake uliisha, akaona aibu kula bila kuchangia. Wiki nzima tukimkaribisha ugali anasema kafunga sunna. Na sisi tunamsifu, eti mcha Mungu.

Nesi akatugeukia. "Na magharibi mlimfuturisha nini?"

Vero, sisi tunakula mapema. Hatukuwahi kumbakizia hata tonge.