Kifungo cha Shaba

Geita, 9 Julai 1952

Dada yangu Anisia,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kazi ya ukarani inaendelea. Barua hii nampa dereva wa lori, maana posta itachelewa.

Tafadhali, mkufu wa shanga wa bibi harusi usiufunge kwa vile vifungo nilivyokutumia. Uliniagiza vya shaba, nami nikachagua vinavyong'aa. Kimoja kilibaki kwangu. Jana nilikisugua kwa ndimu, rangi ikatoka. Ni bati tupu. Vitakatika, na shanga zitamwagika kanisani mbele ya watu.

Cha shaba dukani kilikuwapo kimoja tu. Nilikinunua, sikukutumia. Umenisomesha kwa kutunga shanga, dada, nami nikakunyima kifungo.

Nilimpa Mwanaima, binti anayeuza maandazi hapa mgodini, afungie mkufu wake. Nilipomweleza habari ya harusi, alikivua shingoni palepale. "Mpelekee wifi yangu," akasema. "Mimi nitafunga kwa uzi."

Ndicho hicho ndani ya bahasha. Baba usimwambie bado. Atauliza Mwanaima anasali wapi, nami sijapata jibu.

Mdogo wako mwenye aibu,
Silvesta