Stesheni Tunazozifuta

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, ila ulimi wangu haujui kukuanza kwa njia nyingine.

Nakukumbuka kijijini kwetu Mlola, miaka ile biashara ilipofunguliwa na nyumba nyingi zikapata redio za Dubai. Wenzako walitafuta muziki. Wewe ulingoja matangazo ya vifo. Yakianza, hata Baba alinyamaza. Ukisikia limetajwa jina la mtu wa upande wetu, ulijitanda kanga ukapanda kilima kumpelekea habari, maana kwetu aliyesikia ndiye mwenye mzigo wa kufikisha. Tulikula ugali umeshapoa na hakuna aliyenung'unika.

Nilipokuja kusoma ughaibuni, ulishuka Lushoto kwenye duka la simu ukanipigia, ukaniuliza hasa nafanya kazi gani. Nikakwambia tunaunda spektromita: chombo kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota na kuyachambua, masafa haya huku, masafa yale kule, kama ulivyochambua mapeasi ya kupeleka sokoni. Ndani mna chipu ambayo leo naiandikia kazi hii, kesho naiandikia nyingine, bila kugusa waya.

"Kumbe ni redio. Na matangazo ya vifo inashika?"

"Tunayafuta, Mama. Stesheni za watu zinatuharibia sauti ya nyota."

"Sasa ndugu wa marehemu watajuaje?"

Nilicheka tu.

Kaka Shafii aliponipigia kuniambia kwamba umeshazikwa, nilikuwa naiandikia chipu masafa ya kufuta. Nikamwambia ahsante, nikaendelea hadi jioni. Kazi ilitoka safi. Tangu siku hiyo nakula, nalala, chombo kinakwenda vizuri. Napatafuta mahali panaponiuma, sipaoni.

Kaka anasema ulitangazwa redioni, na jina langu likasomwa kati ya ndugu wa kupewa habari. Majirani wakapanda hadi nyumbani kuuliza nani atanifikishia.

Sasa arobaini yako inakaribia. Kwetu binti huanza kulia akiwa bado njiani, wanawake wakatoka kumpokea. Naogopa kushuka kwenye basi na macho makavu, nikaamkia watu kama niliyetoka gulioni. Wataona sikukupenda, nami sitakuwa na la kuwaambia.

Jana Kaka kauliza tena kama nitakuja. Nikamjibu nimenyimwa likizo.

Likizo ninayo, Mama.

Mola akulaze mahali pema. Haya nilipaswa kuyasema nikiwa kaburini kwako.

Kitindamimba wako