Nilisema simfahamu

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Kimandolu mapema, kupanga viti vya kwaya. Baada ya ibada nikamkuta kaka yangu Elibariki mlangoni. Ametoka gerezani wiki hii. Alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Amekonda, shati linampwaya. Akaniita. Mzee wa kanisa akaniuliza, "Unamfahamu huyu?" Nikasema simfahamu. Kaka alisikia. Akageuka, akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi haikwenda. Mume wangu nimemwambia kichwa kinauma. Uongo mwingine.

Jumatano, 12 Machi
Nimeenda kwa mchungaji. Nimelia zaidi kuliko kusema. Nikamwambia natubu kila siku, moyo hautulii.
"Mungu anasamehe, mama. Lakini uliyemuumiza ni kaka yako. Umemwendea?"
Sijamwendea. Naogopa uso wake.

Ijumaa, 14 Machi
Mama amepiga simu. Kaka yuko kwake, huko juu Meru. Hataki kula na watu. Amemwambia Mama alifika kanisani, hakunikuta.
Amenifichia aibu. Ningefurahi angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepanda kwa Mama. Mvua, tope. Kaka alikuwa anapogoa miti ya kahawa. Nikamwamkia, akahamia mti mwingine. Nikapiga magoti palepale. "Nilikujua, kaka. Nilikuonea aibu. Nisamehe."
Aliendelea kukata matawi. Halafu akasema, "Kule ndani niliwaambia wenzangu nina dada anaimba kwaya. Kila Jumapili niliwaambia."
Basi. Nimerudi nyumbani Njiro nimelowa. Hakusema amenisamehe. Sina haki ya kumdai.

Jumapili, 16 Machi
Kabla ya ibada nilimfuata mzee wa kanisa, wanakwaya wakisikia. "Yule wa wiki iliyopita ni kaka yangu, tumbo moja." Wawili waliangalia chini. Mzee akasema, "Mlete, tumsalimie."
Wakati wa kuungama sikufuatisha maneno kwa mazoea. Nilimwambia Yesu jambo lile kwa jina lake: nilimkana ndugu yangu. Aibu haijaisha. Ila sikutamani kujificha.

Jumanne, 18 Machi
Nimemweleza mume wangu yote. Akasema Jumamosi tuende kwa Mama pamoja.

Jumamosi, 22 Machi
Kwa Mama, mimi na mume wangu. Ndizi na nyama. Kaka alikuja mwenyewe, akaketi mezani. Mama akamwomba aombee chakula. Akafumba macho. Akamtaja Mama, akamtaja shemeji yake. Kisha akanitaja mimi.
Tumekula. Mvua imenyesha mpaka jioni.