Mkwe Wangu Angejua Angeniambia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na niseme mapema kwamba safu yako huwa naisoma kwa msusi nikisubiri zamu yangu na kucheka shida za watu, sikudhani hata siku moja nitakuja kuandika mimi, lakini maji yamenifika shingoni na kila ambaye ningeweza kumwambia jambo hili yumo ndani ya jambo lenyewe.

Mume wangu ni mkaguzi wa mabenki, ameajiriwa na benki kuu. Si mkubwa huko, ni wale wanaotumwa na mikoba kwenda kukaa ndani ya benki za watu na kuuliza maswali mpaka mameneja wanatamani wahame. Ni mtu safi, nasema hivyo nikiwa na hasira naye, kwa maana hata kalamu ya ofisi hajawahi kuja nayo nyumbani, na watoto wakiokota shilingi barabarani huwauliza ni ya nani.

Mama yangu ni fundi makochi. Kazi aliirithi kwa marehemu baba, na tangu hapo anashonea kwenye kibaraza cha kupanga, mvua ikinyesha anafunika sponji kwa turubai na kusimama pembeni kama mgeni kwenye kazi yake mwenyewe. Anachotaka duniani ni kimoja tu, chumba chenye mlango, afunge jioni aende zake. Akiba yake alikuwa anaificha ndani ya mkono wa kochi la sebuleni kwake, anafumua, anatia, anashona tena kwa mkono, na mwizi angeweza kulala juu ya kochi hilo usiku kucha asijue amelalia nini. Si kwamba hakujaribu benki. Alijaribu, mlinzi akamwangalia gundi kwenye nguo akamwambia angoje nje, na alipoingia wakamtaka barua ya makazi, leseni ya biashara, mdhamini, akarudi nyumbani akashona kochi lake.

Basi mume wangu alipotuoa (nasema alituoa kwa sababu alimwoa na mama) akaanza kumhubiria. Kila tukienda kula kwake ni hiyo hiyo. "Mama, pesa iliyolala kwenye sponji haijengi nchi. Ukiiweka benki, benki inamkopesha mwenye kiwanda, mwenye kiwanda anaajiri vijana, vijana wanaoa, wakioa wanataka makochi, wanakuja kwako." Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu: "Kumbe safari yenyewe ni ndefu hivyo! Hao vijana si waje tu moja kwa moja?" Lakini mwishowe mume wangu alimpeleka benki yeye mwenyewe, yule yule mlinzi akafungua mlango, na ndani wakampa mama kiti. Mshauri, kile kiti mama amekisimulia kwa wateja wake wote. Kuanzia siku hiyo mkwe wake hakosei.

Hata hivyo mama hakuzipeleka zote, nusu alizibakiza kwenye kochi, anasema ni za usingizi. Mwaka huu mwenye nyumba akamwambia yuko tayari kumuuzia kile chumba kilicho nyuma ya kibaraza, anasafiri, akirudi mwisho wa mwezi wamalizane. Jumapili tukaenda kula, mama akatuhadithia kwa furaha, halafu akamgeukia mume wangu. "Mwanangu, hizi za kwenye kochi nipeleke benki zikakae na wenzake, au nitulie nazo hapa mpaka mwenye chumba arudi?"

Mume wangu alikuwa na chakula mdomoni. Akatafuna, akatafuna, akasema, "Peleka benki, mama. Huko ndiko mahali pake." Kisha akaomba maji. Tulifumua kochi mchana ule ule, mkasi nilishika mimi, mama anavuta mabunda kama mkunga, na mume wangu amekaa kiti cha mbele yetu anatutazama. Jumatatu mama akapeleka. Jumatano asubuhi tunakunywa chai, redio ikatangaza kwamba benki hiyo imefungwa, imekabidhiwa mfilisi, na wateja wanaombwa wawe watulivu.

Nikapiga kelele, "Mama! Si kapeleka zote juzi!" Mume wangu akaweka kikombe chini. "Najua." Nikamuuliza anajua nini. Akasema, "Nilijua tangu Ijumaa." Mshauri, nilimtolea macho mtu ambaye nimezaa naye nikawa simfahamu. Akaanza kunieleza kwamba sheria inamkataza, kwamba ni kifungo, kwamba mmoja akijua mtaa mzima unajua. Nikamwambia basi ungemwambia tu atulie nazo, hiyo nayo ni siri? Akajibu, "Miaka yote namwambia apeleke. Siku nikimwambia asipeleke, mama yako si mjinga, atajua pale pale." Nikauliza na zetu je, maana ada za watoto ziko benki hiyo hiyo. Akasema, "Zimo. Sikuzigusa." Alilisema hilo kama mtu anayenikabidhi zawadi, nami nikatamani kummwagia chai.

Baadaye magazeti yakaandika kwamba mwenyekiti wa bodi na rafiki zake walishatoa zao zamani, na kwamba mikopo mikubwa walijipa wenyewe wakajenga hoteli, na mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo yote aliyaripoti mwaka jana, wakubwa wake wakasema tusubiri, tusiutikise uchumi.

Sasa kinachoniua ni hiki. Kaka yangu, ambaye hakuambiwa na mtu ila anaijua kazi ya shemeji yake, alikwenda kibarazani akamwambia mama, "Shemeji alijua." Mama akamfukuza mbele ya wateja, nyundo mkononi. "Mkwe wangu angejua angeniambia! Yule ndiye aliyenipatia kiti!" Amemwambia asikanyage pale mpaka aombe radhi, na kaka ni mkaidi kama yeye, hawasemeshani mpaka leo. Chumba amekichukua muuza simu, ameshakipaka rangi. Mama anashona nje, na kila mteja akimpa pole anamtetea mume wangu, kwamba wakubwa walimficha maskini. Mume wangu anajua. Ananiambia niache hivyo hivyo, kwamba mama amebaki na imani hiyo tu, tusimnyang'anye.

Nimwambie mama ukweli nimvunje moyo mara ya pili, au ninyamaze niwe mwizi wa tatu baada ya bodi na mume wangu? Na mwanaume huyu, mshauri, ninalala naye vipi?

Ni mimi, mke wa mkaguzi.

*

Mke wa mkaguzi,

Futa machozi kwanza, maana sitakubembeleza sana.

Tuanze na Ijumaa. Tuseme mumeo angekunong'oneza. Wewe ungemwambia mama, mama angemwambia kaka yako, kaka yako ana rafiki, rafiki ana mke. Jumatatu asubuhi mlango wa benki usingeonekana kwa watu. Benki haina pesa za wote kwenye kabati lake, nyingi imeshazikopesha, kwa hiyo wa kwanza kufika wanalipwa kwa za wale watakaochelewa. Mama yako angepata chumba, na mama wa mtu mwingine angepata mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo sababu ya sheria ile, na ni sheria nzuri hata kama imekuuma. Jiulize kwa ukweli kama hasira yako ni kwamba siri ilikuwepo, au ni kwamba hukugawiwa.

Umeudhika? Subiri, na mumeo ana lake.

Sheria ilimwambia afunge mdomo. Haikumwambia aufungue. "Peleka benki, mama" hakuna kifungu kilichomwagiza aseme. Anajitetea kwamba jibu lolote jingine lingefichua siri, na yawezekana ni kweli. Basi alifuata nini mezani? Mtu mwenye siri ya namna hiyo, Jumapili huumwa tumbo. Anabaki nyumbani na shuka usoni, anamtuma mke peke yake, na mama mkwe akiuliza anaambiwa mkweo hajiwezi. Yeye alikwenda, akala, akaulizwa, akajibu, akaomba na maji! Kisha akakaa kutazama kochi likifumuliwa. Hapo ndipo alipokosea, na hapo sheria haimsaidii.

Na hilo la kuziacha ada za watoto, namvulia kofia. Wengine wangezitoa mapema na kulala usingizi. Lakini uaminifu wake kwa benki kuu si sarafu ya kumlipia mama yako.

Sasa wacha na mimi niseme la moyoni. Kila nikisikia mtaalamu redioni akilalamika kwamba wananchi wetu hawana utamaduni wa kuweka akiba benki, natafuta kitu cha kurusha. Mama yako alikuwa na utamaduni huo kabla benki haijampa kiti. Alifika mlangoni na gundi kwenye nguo, akaambiwa angoje nje. Alipoingia kwa kushikwa mkono na mkwe, wenye suti wakachukua alichoweka, wakajikopesha bila dhamana, wakajenga. Nchi imejengwa kweli, ina ghorofa na bwawa la kuogelea, na mwenye funguo ni mwenyekiti wa bodi. Na wale waliosema tusubiri tusiutikise uchumi, ningependa kujua huo uchumi wao una watu gani ndani yake, kwa sababu fundi makochi hayumo. Hao ndio wanaostahili nyundo ya mama yako. Mumeo umemkaba kwa sababu shingo yake ndiyo iliyo karibu.

Haya, fanyeni hivi.

Wewe usimwambie mama chochote. Ukweli huo si wako, ni wa mumeo, na aupeleke mwenyewe. Aende siku ya kazi, peke yake, bila wewe kumshika mkono na bila zawadi ya sukari. Asubiri mteja aondoke, kisha aseme, "Mama, nilijua. Uliponiuliza nilijua." Akome hapo. Akianza kwa neno uchumi, mama ana ruhusa yangu kumpiga na ubao. Akifukuzwa aondoke, na kesho yake arudi. Akitoka hapo aende kwa kaka yako amwambie, "Ulisema kweli." Mama yako amepoteza pesa, amepoteza chumba, na sasa anampoteza mwana wa kumzaa kwa kulinda jina la mtu mwingine. Katika hayo matatu, mumeo anaweza kumrudishia moja leo hii, bila mfilisi na bila mahakama. Anangoja nini?

Hiyo hadithi yake ya kwamba mama amebaki na imani tu, msimnyang'anye, usiimeze. Ni woga uliovaa nguo za huruma.

Kuhusu kuondoka, usiondoke sasa. Mpe nafasi ya kwenda kibarazani. Akikataa, au akikutuma wewe, funga mizigo yako na sitakuzuia. Mwanaume anayemwacha mama mkwe agombane na mwanawe ili yeye abaki mtakatifu, usafi wake unaishia kwenye kalamu za ofisi. Akienda, mpokee. Si lazima umchekee, mpe chakula tu.

Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mama yako analindwa na bima ya amana. Haitamrudishia zote, ina kikomo chake, na zilizobaki zitangoja mpaka mfilisi auze hiyo hoteli, kwa hiyo asitegemee kuziona karibuni. Lakini hicho kidogo anatakiwa akakidai mwenyewe, na kitambulisho, kwenye dirisha walilofungua kwenye tawi lile lile. Wazee wengi hawaendi kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Mumeo aombe likizo ampeleke. Asipitie mlango wa wafanyakazi, asimwite rafiki yake wa ndani. Apange foleni juani na wengine, beji mfukoni, asikie watu wanavyozungumza.

Nimemaliza ya kwako. Limebaki moja ambalo limenikaa kooni tangu nilipofungua barua hii. Benki unayoisema naijua vizuri, kiinua mgongo changu chote kimo humo. Kwa hiyo mumeo angemnong'oneza mama yako, huenda angelipwa kwa pesa yangu, na leo ningekuwa nimekaa hapa nawajibu watu wengine bila kujua aliyeninyima ni nani. Nimejaribu kumchukia mumeo kwa niaba yako, nimeshindwa. Nimejaribu kumshukuru kwa niaba yangu, na hilo nimeshindwa.

Nitakuwa kwenye foleni hiyo. Mkifika ulizeni yule mshauri wa gazeti ni yupi, wote wananijua kwa kulalamika. Mama yako nitampisha asimame mbele yangu. Mumeo abaki nyuma.