Jinsi Kigoda Kilivyofika Katikati ya Barabara

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kuharibiwa kwa kingo za chuma, barabara ya mlimani, kona ya nane
Shahidi: Anajulikana kwa wateja wake kama Mama Pindo (jina la kitambulisho limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko la nguo; kwa sasa nyumba ya wageni mkabala na kituo
Yametolewa: Ijumaa tarehe 17, saa 4:15 asubuhi, chumba namba mbili, mbele ya koplo wa zamu

Mimi ni mdogo wake dereva wa gari la umeme lililokwama siku ya tukio. Tumezaliwa wawili tu. Nalisema hili mapema ili koplo asishangae nikipandisha sauti.

Kaka yangu ana miaka sitini na tatu na ni dereva mstaafu. Aliendesha lori la dizeli miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo kwenye barabara hiyohiyo ya mlimani. Madereva wenzake walimpa jina la Mteremko, kwa sababu akishafika kileleni alikuwa anatoa gia, anaweka nyutro, analiacha lori lishuke lenyewe bila kuchoma dizeli. Jina hilo analipenda kuliko alilopewa na baba.

Mnamo Jumatano tarehe 15 tulikuwa tunampeleka mama yetu hospitali ya macho, iliyo mjini upande wa pili wa mlima. Mama ana miaka themanini na mbili. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyeiva kupita kiasi, na daktari alituambia wazi kwamba akiachwa ataliharibu jicho lote. Mpasuaji huja mara moja kwa mwaka, na Jumatano ilikuwa siku yake ya mwisho. Kadi iliandikwa mama afike kabla ya saa saba mchana, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Kadi hiyo tuliisubiri miezi kumi na moja. Niliishika mkononi njia nzima, kwenye mkoba niliona itapotea.

Gari ni la binti wa kaka yangu. Alitupa kwa sababu ni tulivu na mama hasumbuliwi na moshi. Alituandikia karatasi yenye mambo matatu, akanikabidhi mimi, siyo baba yake. La kwanza, tusimame kuchaji dakika arobaini kwenye hoteli iliyo chini ya mlima kabla ya kupanda, hata kama chaji inaonekana ipo. La pili, mlimani tusizidi kilomita hamsini kwa saa. La tatu alilipigia mstari mara mbili: kwenye mteremko tusitoe gia, kwa sababu gari hilo likishuka likiwa kwenye gia linarudisha umeme kwenye betri. Aliniambia, "Shangazi, huko kushuka ndiko kunakotuvusha kilima cha pili. Mwambie baba." Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, betri ikiwa imejaa. Saa tatu kasoro dakika kumi tulifika kwenye ile hoteli, kilomita ya hamsini na nane. Kioo cha chaji kilionyesha asilimia sitini na moja. Nilisema, "Kaka, kata kushoto, tunachaji hapa." Akasema, "Zaidi ya nusu tanki, nisimame nifanye nini?" Nikamwambia hakuna tanki. Akaniambia nimwachie dereva kazi ya dereva, yeye haniingilii kwenye cherehani. Hoteli ikapita dirishani, na mtambo wa kuchajia niliuona kabisa, hauna hata gari moja.

Mlima ulikula ile chaji kama moto unavyokula karatasi. Tulipofika nusu ya kupanda ilibaki arobaini na mbili. Ndipo kaka alipoanza kubana matumizi. Alizima redio. Alizima hita, na mama akaanza kutetemeka, nikamfunika kwa blanketi langu na khanga mbili. Aliamuru madirisha yafungwe ili upepo usituvute, vioo vikajaa mvuke, nikawa navifuta kwa mkono wa blauzi. Ukungu ulipotanda akataka kuzima taa. Hapo mama alisema, "Mwanangu, mimi ndiye nisiyeona, wewe washa," naye akaziacha. Baadaye kaka aliniuliza chupa ya chai ina uzito gani.

Kileleni tulifika saa nne kasoro dakika tano tukiwa na asilimia ishirini. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kilomita ishirini na moja, halafu kilima cha pili cha kilomita tisa, na ng'ambo yake kituo kingine cha kuchajia. Nilipumua. Nilijua kwamba ule mteremko ndio wa kutuokoa. Nilifungua karatasi, nikamsomea jambo la tatu neno kwa neno.

Kaka yangu akatoa gia.

Nilimwona kwa macho yangu akizungusha kitufe cha gia hadi kwenye nyutro, akaegemea kiti, akasema, "Sasa tunakula bure." Nilimwambia hatuli, tunatapika. Nilimwambia betri inasubiri kulishwa na yeye ameifunga mdomo. Akasema amelishusha lori la tani thelathini kwenye barabara hii mimi nikiwa bado najifunza kutunga uzi. Nikamwambia lori lilikuwa linakunywa dizeli na hili halinywi. Akasema, "Magari ni magari." Mama alikuwa amefumba macho, sijui kama alilala au alichoka kutusikia. Tuliteremka hivyo hadi bondeni, breki zikinuka, na kile kioo hakikuongeza hata asilimia moja. Kilionyesha kumi na tisa. Kaka akanigeukia na kusema, "Umeona? Tumetumia moja tu." Alikuwa na furaha ya kweli. Mimi nililia kidogo kwa hasira, na naomba iandikwe kwamba ilikuwa hasira.

Kilima cha pili kilitushinda kwenye kona ya nane, kama kilomita moja kabla ya juu. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Gari lilipunguza mwendo lenyewe, likaonyesha picha ya kobe, kisha likakataa. Kaka aliliegesha pembeni, nje ya njia ya magari, kwa usahihi kabisa. Hilo silipingi, ni dereva mzuri. Halafu akakaa, mikono kwenye usukani, akiangalia mbele kama vile taa nyekundu itabadilika.

Simu ilikuwa na mtandao ukisimama juu ya jiwe lililo pembeni ya barabara. Nilipanda, nikampigia binti. Kabla sijamaliza aliuliza, "Shangazi, baba aliweka nyutro?" Nikasema ndiyo. Akasema atatafuta gari la kutuvuta, lakini litachukua saa tatu au zaidi. Alisema pia kwamba hospitali wameshapiga simu kuuliza kama mgonjwa yuko njiani, kwa sababu orodha inakaribia mwisho. Nilishuka kwenye lile jiwe nikakimbilia kwenye gari.

Nilimwambia kaka tusimamishe gari lolote, mama aende. Hapa ndipo koplo anapaswa kunielewa vizuri. Kaka yangu hakukataa kwamba mama aende. Alikataa kuonekana. Kila dereva wa barabara ile anamjua Mteremko, na hakuna aliyewahi kumkuta amekwama. Lilipita gari dogo la kwanza, dereva akapunguza mwendo na kuuliza kama tuna tatizo. Kaka akajibu, "Tunapiga picha." Kulikuwa na ukungu, mkono wako mwenyewe huuoni, tunapiga picha ya nini? Likaja la pili, la mizigo. Mimi nikawa napunga mkono lisimame, yeye akiwa nyuma yangu anapunga lipite. Likapita. Niligeuka nikamwuliza, "Jicho la mama na jina lako, kipi kizito?" Alisema tu kwamba betri ikipumzika kidogo itarudi, na yeye anaijua.

Ilikuwa imefika saa tano na dakika arobaini. Nilifungua buti nikatoa kigoda cha mama, kile anachokalia kwenye foleni za hospitali. Ni cha mbao, miguu mitatu. Nilitembea hatua kama sitini kwenda chini, mahali ambapo barabara imenyooka na dereva anaona mbali kidogo, nikakiweka katikati, juu ya mstari mweupe. Nikakivika khanga nyekundu ili kionekane. Kisha nikasogea kwenye ukuta wa mlima nikangoja.

Lilikuja lori lililobeba kreti tupu za soda. Halikuwa na mwendo mkali. Dereva alikiona kigoda, akafunga breki, lori likateleza kwa sababu ya unyevu, ubavu wake ukakwaruza zile kingo za chuma kwa urefu wa kama mita tatu. Kreti zilipiga kelele ya kutisha. Kioo chake cha pembeni kilivunjika. Kigoda hakikuguswa. Hakuna aliyeumia, lakini kwa kitambo kile, kabla lori halijasimama, nilijua nimefanya jambo ambalo lingeweza kuua mtu.

Dereva alishuka akitukana, na alikuwa na haki. Kaka yangu alikuja mbio kutoka kwenye gari, akafika kabla yangu. Yule dereva alimtazama, akaacha kutukana. Akasema, "Mzee Mteremko? Wewe umekwama hapa?" Kaka akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nimekwama. Nina mama yangu kwenye gari, anatakiwa hospitali kabla ya saa saba. Nisaidie."

Dereva hakuuliza la pili. Kaka alimbeba mama mikononi, akampandisha kwenye kabini, akamfunga mkanda, akamweka vizuri lile blanketi. Mimi nilikaa katikati. Kabla ya kufunga mlango alimwambia yule dereva, "Ukifika kwenye mteremko usitoe gia." Miaka yote niliyoishi naye, hapo ndipo alipokaribia zaidi kuomba radhi. Yeye alibaki na gari, mimi nikaenda na mama, na ndiyo maana sikuwepo askari walipofika.

Tulifika hospitali saa saba kasoro dakika nane. Muuguzi alikuwa ameshashika kalamu kukata jina la mama. Mama alifanyiwa upasuaji saa tisa alasiri. Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji, akanitazama muda mrefu, akaniambia nimezeeka. Nilimshukuru.

Nimeulizwa kama gari lilikuwa na hitilafu. Halikuwa nayo. Lilifanya kila lilichoandikiwa kufanya.

Nimeulizwa nani aliweka kigoda. Nimeshasema ni mimi. Hapo koplo ameacha kuandika, amefungua jalada na kunisomea maelezo ambayo kaka yangu aliyatoa Jumatano jioni. Anasema humo kwamba kigoda alikiweka yeye, kwamba mimi sikutoka ndani ya gari, na kwamba yuko tayari kunyang'anywa leseni. Nimeomba nisomewe tena. Tumelala nyumba moja ya wageni siku mbili, tumekula meza moja, na hakuniambia neno.

Huo ni uongo. Yeye wakati ule alikuwa mbali juu, anabishana na betri. Nani amemtuma? Kama alitaka kunisaidia, angenisaidia kwenye kilomita ya hamsini na nane kwa kukata usukani kushoto. Siku nzima sikumweza kwa neno hata moja, na sasa anataka kunibebea hata kosa langu, mtu huyu. Leseni ile ndiyo kitu alichobaki nacho cha kazi yake. Huitembeza kwenye mfuko wa shati hata akiwa hana pa kwenda. Namwomba koplo asiiguse. Mimi sina leseni, sijui kuendesha hata baiskeli, hakuna cha kuninyang'anya.

Nimeulizwa kama naelewa kwamba kwa maneno haya naweza kushtakiwa. Naelewa. Kingo nitazilipia hata kwa kushona sare za kituo kizima. Mama anaona. Naomba hilo nalo liandikwe.

Nimeyasema haya yote kwa hiari yangu, nimesomewa, na hakuna ninalotaka kulitoa.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akathibitisha. Alipotoka, mapokezi alimkuta kaka yake, wakaanza kubishana ni yupi kati yao mkosaji, hadi nikalazimika kuwatenganisha. Mama yao, miaka 82, aliyekuwa ameketi hapo na miwani myeusi, alikuja mezani kwangu bila kushikwa mkono na kunitaka niandike kwamba kigoda ni chake na kiliwekwa barabarani kwa amri yake. Sasa nina watu watatu waliokiri kosa moja. Naomba mwongozo wa mkuu wa kituo.