Siku Uliyokataa Kushuka na Majani Yetu

Mpendwa binti yangu Chelagat,

Tangu uende kusomea udereva wa treni, nimekusifu kwa kila mtu hapa Chepseon, hata kwa wasioniuliza. Mbele yako ndipo ulimi wangu huwa mzito, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka tangazo lile la mafunzo ya treni? Walitaka watu wasiozidi miaka thelathini na mitano, wenye uzoefu wa magari makubwa. Wewe ulikuwa umefika hiyo thelathini na mitano. Ukikosa mwaka huu, basi. Uzoefu ulikuwa nao, miaka minane kwenye lori la majani chai, kazi niliyokufundisha mwenyewe nikikaa kando yako na kupiga kelele kila ulipogusa gia.

Asubuhi ya usaili nilikusindikiza hadi steji ya matatu. Nikakwambia, "Mama, ile siku ya mvua usiitaje. Watasema wewe ni mwoga."

Siku ile lori lilijaa majani ya kituo chetu chote cha kuuzia chai, na barabara ya kiwandani ilikuwa matope matupu. Ulifika juu ya mteremko ukasimama, ukakataa kushuka. Majani yakalala humo, yakapata joto na kuharibika kwenye magunia, kiwanda kikayakataa. Jumapili yake wakulima walinitazama kanisani kana kwamba nimewaulia ng'ombe wao. Nami nikakununia mwezi mzima.

Pale steji ulicheka tu. "Baba, wakiuliza nitasema."

Wakauliza. Ulinisimulia kwa simu jioni ile. Mzee mmoja kwenye paneli, dereva wa treni aliyestaafu, alitaka kujua kama umewahi kushindwa kumaliza safari. Ukamweleza yote. Akauliza kama ungerudia.

"Hata leo. Wapakiaji watatu walikuwa wamekaa juu ya magunia."

"Na wakulima walikusamehe?"

"Walinisamehe. Ni baba tu bado."

Ulinisimulia hayo ukicheka. Mimi nikasingizia simu inaisha chaji, nikaenda kusimama na ng'ombe.

Chelagat, sikuwahi kukuuliza nani alikuwa juu ya lori. Niliulizia majani tu. Nami nakwambia ukweli: ningekuwa mimi, ningeshuka. Ningeshuka na watu watatu mgongoni mwa lori kwa kuogopa macho ya watu kanisani. Wewe hukuyaogopa, wala hukuogopa hata yangu, na nakuheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Waliokuchagua wanajua kazi yao.

Jana kituoni, watu wakipimiwa majani, niliwaambia wakulima wote hivyo hivyo, kwa sauti. Kiprono, mmoja wa wale wapakiaji, alikuwapo. Akavua kofia, akasema, "Mzee, sisi tulimshukuru siku hiyo hiyo."

Mimi ndiye nimechelewa. Nisamehe, mama.

Endesha salama,
Baba yako